Nundu ya Mfungaji

Kwetu mshindi wa mashindano ya mpira ya dume hapewi kikombe, anapewa dume la ng'ombe. Kikombe hakiliwi, na sisi si watu wa kupanga vitu kabatini ili vitazamwe. Dume hilo huletwa uwanjani asubuhi ya fainali likiwa na utepe shingoni, linafungwa kwenye mti nyuma ya goli, na linatazama mechi yote bila kujua kwamba linahusika.

Jioni linachinjwa katika kijiji kilichoshinda, na kila sehemu ina nyumba yake. Ubavu huenda nyumbani kwa kipa. Shingo huenda kwa nahodha. Kichwa na utumbo ni vya kamati, ambayo kila mwaka hulalamika kwamba imepunjwa na kila mwaka hula ikamaliza. Lakini nundu ni ya mfungaji wa goli la ushindi, na hapewi yeye mkononi. Inapelekwa kwa mama yake. Kamati na mashabiki huibeba juu ya ungo, wakiimba, hadi mlangoni. Mfungaji mwenyewe hatembei nao; anakuwa ameshatangulia nyumbani, amekaa kwenye kigoda pembeni ya mlango, anaangalia chini kama mtu asiyejua kuna sherehe gani. Mama anatoka, anapokea ungo, anapiga vigelegele. Kabla hajapiga yeye, hapigi mtu mwingine yeyote. Watu watasimama hapo na nyama yao mpaka atakapokuwa tayari.

Nimeeleza haya mapema kwa sababu mimi niliitaka ile nundu. Wengine hutaka nyumba ya tofali za kuchoma, wengine hutaka mtoto awe padri. Mimi nilitaka kusimama mlangoni pangu na kuwasubirisha watu.

Mwanangu wa kwanza alikuwa mshambuliaji wa timu ya kijiji tangu alipomaliza shule. Tunaishi si mbali na Genkuru, upande ambao mgodi ukilipua mawe vyombo vinagongana jikoni na hakuna anayeinua kichwa. Asubuhi alikuwa shambani na mimi, mchana akizungukia vibarua kwa wakandarasi wa mgodi, jioni uwanjani. Baba yake alifariki kabla hajamwona akicheza, kwa hiyo kazi ya kupiga kelele niliifanya kwa niaba ya wawili. Alifunga magoli mengi. Tatizo ni kwamba alifunga kila mahali isipokuwa kwenye fainali tuliyoshinda, kwa sababu fainali tuliyoshinda haikuwepo.

Mwaka mmoja tulifungwa kwa penalti. Mwaka mwingine tulikuwa tunaongoza, yeye ndiye aliyefunga, nami nilishaanza kuwaza ungo nitauweka wapi, mara tukasikia yowe kutoka kilimani kwamba ng'ombe wa mtu wameibiwa. Kwetu yowe likipigwa, mwanaume haulizi matokeo. Wachezaji wa timu zote mbili, refa, washika vibendera, wote waliondoka kwa mbio kuelekea kilimani na jezi zao, tukabaki sisi wanawake na dume. Ng'ombe walipatikana. Mechi ilirudiwa wiki iliyofuata, tukafungwa.

Nundu hiyo tuliyoikosa ilikwenda ng'ambo ya mto, kwa mama mmoja ambaye mwanawe pia alikuwa mshambuliaji. Tulikuwa tunakutana mnadani. Hakuwa mwanamke mbaya. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za mihogo yangu, kisha akanieleza, bila mimi kuuliza, jinsi nundu inavyotakiwa kuchemshwa polepole ili mafuta yasikimbie. Nilimshukuru. Nilirudi nyumbani nikampigia mbuzi kelele.

Hata hivyo sitaki mtu afikiri nilikuwa shabiki kwa ajili ya mwanangu peke yake. Nilikuwa shabiki kwa sababu timu ilikuwa yetu kama kisima kilivyo chetu. Siku ya mechi kila nyumba ilitoa ilicho nacho: maziwa, viazi, kuku aliyeacha kutaga. Tulikaa juu ya kichuguu nyuma ya goli, bure, na tuliwaita wachezaji kwa majina ya mama zao. Beki wa kulia akipitwa, tulimlaumu mama yake aliyekuwa amekaa hapo hapo katikati yetu, naye alikubali kwamba tangu utotoni mtoto huyo alikuwa mzito kuamka. Tulijua goti la nani lina shida na nani amegombana na mkewe. Tulifungwa, ndiyo. Lakini tulifungwa na watu tunaowajua.

Mambo yalianza kuharibika ng'ambo ya mto. Kulikuwa na bwana mmoja huko aliyepata kazi ya kubeba udongo wa mgodi kwa malori yake, na ambaye hakupenda kufungwa. Hakuna anayependa, ila yeye alikuwa na malori. Alileta mamluki wachache kutoka Mwanza. Walipocheza vizuri alileta wengine kutoka Musoma, na mwishowe timu nzima ya kijiji kile ilikuwa inalala nyumba ya wageni Tarime mjini na kuja uwanjani kwa gari la Noah. Mtoto wa yule mwenzangu wa mnadani akawa mbeba maji. Tulipokutana tena hakunieleza habari za mapishi. Alininunulia chai, nikajua hali ni mbaya.

Baada ya hapo waandaaji walisema mashindano yamekua. Mashindano yaliyokua yanahitaji uzio, kwa hiyo uwanja ulizungushiwa turubai na langoni kukawekwa vijana wa kukusanya kiingilio. Kichuguu chetu kilibaki nje ya turubai. Ukikaa juu yake ulichoona ni mpira unaporuka juu sana, kisha haupo. Mwaka uliofuata kiingilio kilipanda, likaja na hema la wageni waalikwa wenye viti na soda. Halafu zikaja jezi za mashabiki, na usipokuwa nayo hukai upande wa kivuli. Kila walichoongeza tulikilipia, na kila tulipolipa mpira ulizidi kuwa mbaya. Timu ya malori ilikuwa ikifunga magoli mpaka refa anaona aibu kupuliza filimbi. Kabla dume halijafungwa mtini kila mtu alishajua litalala wapi. Watu walianza kuondoka mapumziko kwenda kukamua.

Ndipo mwenyekiti wa kamati yetu alipoitisha mkutano darasani. Ni muuza mbolea, mtu mzuri, anaongea kama anayekupimia. Alisema wenzetu hawatuzidi kitu, wanatuzidi wachezaji tu. Alipendekeza na sisi tukodi, si timu nzima, wanne watano, na kila kaya ichangie. Niliuliza kama hata kaya ambayo mtoto wake anacheza itachangia. Akasema hiyo ndiyo hasa. Nikasema sichangii. Wazee wawili walikohoa. Mwenyekiti hakukasirika, alisema basi kwa kuwa nina chumba alichokiacha binti yangu alipoolewa, nitalaza mmoja na kumlisha mpaka fainali iishe, na hilo litahesabika kama mchango. Watu walipiga makofi. Nadhani walipiga makofi kwa sababu hakikuwa chumba chao.

Mgeni wangu alikuja na pikipiki kutoka Sirari, begi moja mgongoni. Alikuwa kijana wa upande wa pili wa mpaka, mrefu, mkimya, na alipofika mlangoni aliinama.

"Shikamoo, mathe."

Niliitikia; kwao mathe ni mama. Nilikuwa nimepanga kumchukia na sikuona sababu ya kubadili mpango. Nilimpa ugali wa muhogo na mboga chungu, nikitarajia atakunja uso. Alikula akamaliza, akatoka nje na sahani, akaiosha. Huko kwao wanaume wanaosha vyombo au huyu alikuwa na kasoro, sikujua. Asubuhi nilikuta ndoo zimejaa maji. Mtu unayetaka kumchukia akikujazia ndoo, anakuwa amekukosea mara ya pili.

Jioni ya kwanza mwanangu alimuuliza anacheza namba ngapi. Akasema tisa. Mwanangu pia alikuwa tisa. Alichukua bakuli la mboga akamwongezea mgeni, akaendelea kula. Mimi nilikwenda jikoni kuangalia moto uliokuwa unawaka vizuri kabisa.

Nilimwendea mwenyekiti dukani kwake kesho yake. Nilimwambia kwamba nilikubali kulisha mgeni, sikukubali kumnenepesha mtu wa kumtoa mwanangu. Alinisikiliza huku anafunga mfuko wa mbolea. Alisema mwanangu hajatolewa, yuko benchi, na benchi ni sehemu ya timu. Alisema pia kwamba ni mwaka mmoja tu, dume likishapatikana tutarudi kwenye utaratibu wetu. Nilimuuliza kama aliwahi kukaa kwenye benchi. Akaniuliza kama mihogo yangu ilihitaji mbolea.

Wale vijana wawili walielewana, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Walikwenda mazoezini pamoja na kurudi pamoja. Mechi ya nusu fainali kiatu cha mgeni kiliachama mbele kama mdomo wa kambale. Hakuwa na pesa ya kununua kingine, kwa sababu mamluki huahidiwa zaidi kuliko wanavyolipwa. Usiku huo niliona viatu vya mwanangu mlangoni kwa mgeni, vimepigwa brashi. Nilimuuliza mwanangu ana akili gani.

"Mama, mimi nakaa," alisema. "Kukaa hakuhitaji viatu."

Siku ya fainali nililipa kiingilio. Nilikuwa sijawahi kulipa. Miaka yote ya nyuma nilimtazama mwanangu akicheza bila kutoa hata shilingi, na sasa nililipa kumtazama amekaa. Niliingia na sufuria ya viazi kama kawaida. Kijana wa langoni akasema chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi, ndani kuna mhudumu. Niliiacha sufuria juu ya kichuguu. Nilipotoka ilikuwa tupu na imefunikwa vizuri, kwa hiyo najua walioila walikuwa watu wetu.

Mashabiki wa kijiji chetu tulikaa upande wa jua. Tulikuwa tumelipa, tumevaa vizuri, na hatukujua la kupiga kelele. Mpira ukienda kwa winga wetu, mtu mmoja alianza, "Mtoto wa mama..." akanyamaza, kwa sababu hakuna aliyemjua mama. Tukaanza kuita namba za jezi. Saba, toa. Nne, rudi. Ilikuwa kama mnadani wanapoita ng'ombe. Upande wa pili nao walikuwa hivyo hivyo. Namba sita wao na namba sita wetu walikumbatiana kabla ya mechi, kumbe msimu uliopita walikuwa timu moja, na nina uhakika msimu ujao watakuwa pamoja tena mahali pengine.

Mgeni wangu alifunga kipindi cha pili. Kona ilipigwa, ikamkuta peke yake, akaipeleka wavuni kwa mguu wa kulia na kiatu cha mwanangu. Lilikuwa goli zuri, siwezi kulipunguza. Watu walisimama. Mimi pia nilisimama, kisha nikaangalia benchi. Mwanangu alikuwa amesimama kabla yetu sote, mikono juu, anashangilia, na sijawahi kuona kitu kilichoniuma kama hicho.

Halikuingia lingine. Tulikuwa tumeshinda dume baada ya miaka yote ile. Kulikuwa na nyimbo, lakini fupi. Wachezaji wa kukodi walipewa bahasha nyuma ya hema, wakapanda Noah na kuondoka kabla vumbi la uwanjani halijatulia. Kabla hajapanda, mgeni wangu alikuja mbio kuniaga, amevaa ndala, akaahidi kurudisha viatu akishavisafisha. Nikamwambia asafiri salama. Nilimaanisha, na nilijikasirikia kwa kumaanisha.

Dume lilichinjwa uani kwa mwenyekiti, na hapo ndipo kamati ilipogundua ilichosahau. Ubavu wa kipa uende wapi? Nyumba ya kipa iko Mwanza. Shingo ya nahodha? Nahodha ni wa Musoma, na shingo ya ng'ombe haisafiri kwenye joto. Wanaume wazima walisimama na mapande ya nyama mikononi hawajui waelekee upande gani, na inzi walishajua. Mwenyekiti akaanza kuwapigia simu mmoja mmoja. Kipa alisema wauze wamtumie pesa kwa simu. Nahodha hakupokea. Alipompigia mfungaji na kumuuliza nundu ya mama yake ipelekweje, yule kijana alisema mama yake alishafariki, alimwacha mdogo. Kisha akasema wampelekee yule mathe aliyekuwa anampikia.

Haya nilisimuliwa baadaye. Wakati huo mimi nilikuwa ndani nachambua maharage na nilikuwa nimeshaamua kwamba mpira na mimi tumemalizana. Mwanangu alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda pembeni ya mlango, anatengeneza mpini wa jembe. Hakukaa hapo kwa maana yoyote. Hapo ndipo huwa anakaa.

Nilisikia wimbo kwa mbali. Nilifikiri wanapita. Wimbo ukaja, ukaingia uani kwangu, ukasimama. Nilipotoka niliwaona wote, kamati mbele, mwenyekiti mwenyewe amebeba ungo kichwani, na juu ya ungo nundu, kubwa, nyeupe kwa mafuta. Nyuma yao majirani waliolipa kiingilio pamoja na mimi, na waliobaki kichuguuni. Wote walikuwa wananitazama mimi, halafu bila kutaka wakamtazama aliyekaa kwenye kigoda, kisha wakaangalia pembeni.

Mwenyekiti alieleza alichosema yule kijana. Alieleza polepole, kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza hakuongea kama anayepima.

Nilipokea ungo. Ulikuwa mzito. Nilijua kinachofuata ni nini na sauti haikuja. Kama ningekataa, ningekuwa nimemfukuza mtoto wa watu asiye na mama, aliyenijazia ndoo. Kama ningepiga, ningekuwa nampigia vigelegele mwingine mbele ya wangu, mlangoni pangu, na yeye amekaa mahali pale pale nilipomuota amekaa. Miaka yote nilitaka kuwasubirisha watu. Sasa nilikuwa nawasubirisha, na sikuwa naona raha yoyote.

Mwanangu hakuinua kichwa. Alikuwa ameangalia chini, kwenye mpini wake, kama mfungaji anavyotakiwa kuangalia.

"Piga, mama," alisema. "Watu wamesimama."

Nikapiga. Wanawake wakaitikia, na wanasema tulisikika mpaka ng'ambo ya mto. Niliichemsha nundu polepole kama nilivyofundishwa mnadani, na mafuta hayakukimbia. Nilimpakulia yeye kwanza. Alikula, akasema ni tamu. Nilionja, na ilikuwa tamu kweli. Ningeshukuru kama ingekuwa mbaya.

Viatu vilirudi kwa basi kutoka Sirari, vimefungwa kwenye gazeti, vimetiwa kamba mpya. Vinaning'inia ukutani. Yule kijana hunipigia simu mara kwa mara kunisalimia, nami huitikia, na huwa anamuulizia mwenzake.

Mwaka huu mwenyekiti alikuja tena kuuliza kuhusu chumba. Nikamwambia kimejaa mahindi. Alichungulia, akaona ni kweli, kwa sababu nilikuwa nimeyahamishia humo alipotokea njiani. Akamgeukia mwanangu, akasema na yeye anakaribishwa, benchi lipo. Mwanangu akamjibu kwa heshima kwamba msimu huu ana palizi.

Siku ya fainali tulikuwa shambani kwenye mihogo. Kipaza sauti kilifika mpaka kule, kinataja wafadhili. Mchana ukaja ukelele mmoja mkubwa, wa goli. Mwanangu alinyooka, akashika jembe, akasikiliza kelele zinatoka upande wa nani. Alikaa hivyo mpaka zikaisha, kisha akainama tena.

"Nani amefunga?" nilimuuliza.

"Sijui, mama. Si mtu tunayemjua."

Tukamaliza mstari.